Fungueni Sanduku: Shindano Lililowaita Vijana kwenye Karatasi za Zamani



Anayefika Nairobi hakosi kulijua jengo la Nyaraka za Taifa, pale barabara ya Moi. Vijana ndio wanalijua zaidi. "Tukutane Archives," huambiana, kisha husimama pale nje wakingojeana, wakishaonana wanaenda zao. Ndani ya jengo hilo mna karatasi za serikali tangu siku za ukoloni, barua, picha na ramani. Mna pia vitu vya sanaa vilivyokusanywa na marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966. Lakini kwa vijana wengi pale ni mahali pa kungojea mtu tu.

Tunataja jengo hilo kwa sababu vikundi vyetu vijijini viko katika hali iyo hiyo. Karibu kila kikundi kina sanduku lake. Humo mna daftari la mikutano, daftari la hisa, risiti za siku kiwanja kiliponunuliwa, na labda picha mbili tatu za siku ya kuchimba kisima. Wazee wanajua kilichomo. Vijana wanaliona sanduku tu, nalo limefungwa. Siku yule mzee aliyekuwa katibu akituaga, mabishano yanaanza: nani alilipa hisa zake zote, mpaka ulipita wapi, maji yalikubaliwa yafike kwa nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaongeza kwamba hata daftari likiwapo, kama hakuna anayelisoma, mali itapotea vile vile.

Basi vijana watavutwaje kwenye karatasi hizi? Katika makala haya tunaeleza jinsi maktaba moja kubwa ya ng'ambo ilivyojaribu kwa kuwapa wanafunzi shindano. Halafu tutatazama ni yapi yanayoweza kufanywa na kikundi kisicho na kompyuta hata moja.

MALI NYINGI, VIJANA WACHACHE

British Library ndiyo maktaba ya taifa ya Uingereza, nayo iko London. Zamani sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa chini ya jumba la makumbusho la British Museum, hadi mwaka wa 1973 maktaba iliposimama peke yake. Kwa sheria, kila anayechapisha kitabu katika nchi ile hupeleka nakala moja huko. Leo maktaba hiyo ina vitu zaidi ya milioni 170: vitabu, magazeti, ramani, barua za mkono, stempu, hata sauti zilizorekodiwa. Mkusanyo wa Mfalme George wa Tatu peke yake una ramani na michoro makumi ya maelfu.

Lakini kuwa na mali nyingi ni jambo moja, na kuwa na watu wa kuitumia ni jambo lingine. Waliozoea kuzifungua karatasi za zamani ni maprofesa, waandishi wa vitabu, na watu wanaotafuta ukoo wao. Kijana wa miaka kumi na tisa anayemaliza jioni yake kwenye michezo ya kompyuta huona hapo si pake. Maktaba ingeweza kubandika matangazo ukutani: "Njooni vijana, historia ni muhimu." Sote tunajua matangazo ya namna hiyo huishia wapi. Wao walichagua njia nyingine.

SHINDANO LENYEWE

Mwaka wa 1666 moto mkubwa uliteketeza jiji la London. Mwaka wa 2013 wanafunzi sita waliujenga tena mji huo kama ulivyokuwa kabla ya moto, wakitumia karatasi na kompyuta. Ilikuwaje?

Mwaka huo wa 2013 maktaba ilishirikiana na GameCity, tamasha la michezo ya kompyuta katika mji wa Nottingham, na Crytek, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza programu za kuundia michezo hiyo. Pamoja walianzisha shindano lililoitwa Off the Map, yaani kama kusema "kutoka kwenye ramani". Walioalikwa ni wanafunzi wa vyuo vya Uingereza wanaojifunza kubuni michezo ya kompyuta. Walipewa ramani na michoro ya kale ya sehemu tatu: mawe ya Stonehenge, piramidi za Giza kule Misri, na ngome ya Tower of London. Kazi yao ilikuwa kugeuza karatasi hizo kuwa mahali ambapo mtu anaweza kutembea ndani yake, akiwa amekaa mbele ya kompyuta.

Kwa wale ambao hawajaona michezo hii tueleze kidogo. Kwenye kioo cha kompyuta unaona barabara kana kwamba umesimama pale. Ukibonyeza kitufe unakwenda mbele. Ukigeuka kulia unaona nyumba nyingine, na ukiinua macho unaona paa. Yote hayo yamechorwa na mtu: kila ukuta, kila dirisha, kila jiwe la njiani.

Walioshinda mwaka huo walikuwa wanafunzi sita wa mwaka wa pili wa Chuo Kikuu cha De Montfort, katika mji wa Leicester. Walijiita Pudding Lane Productions. Pudding Lane ni kichochoro cha London ambako moto ule ulianzia, tarehe 2 Septemba 1666, katika duka la mwoka mikate aliyeitwa Thomas Farriner. Uliwaka siku nne. Nyumba kama 13,200 ziliteketea, makanisa 87 pia, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Mji ambao vijana hawa walitaka kuuonyesha haupo tena. Hakuna anayeweza kwenda kuupiga picha, na hakuna mzee aliyebaki wa kuusimulia. Karatasi peke yake ndizo zilizobaki.

KUTOKA KARATASI HADI BARABARA

Kazi kama hii inahitaji nini? Ramani inakuambia barabara ilipita wapi na ilikuwa pana kiasi gani, lakini haikuambii nyumba zilikuwa na urefu gani kwenda juu. Kwa hilo unahitaji mchoro uliochorwa na mtu aliyesimama pale. Mchoro nao haukuambii ukuta ulikuwa wa mbao au wa mawe. Kwa hilo unatafuta maandishi ya watu wa siku zile. Huko unakuta kwamba nyumba nyingi zilikuwa za mbao, na ghorofa za juu zilitokeza mbele ya zile za chini, hata za upande huu na za upande ule zikakaribia kugusana juu ya kichochoro. Ukishaelewa hivyo, unaelewa pia kwa nini moto uliruka upesi kutoka nyumba hadi nyumba.

Hapa ndipo siri ya shindano hili. Kijana anayetaka kuchora mlango analazimika kuuliza ulikuwa mlango wa namna gani. Hakuna aliyemhubiria kwamba historia ni muhimu. Kazi yenyewe imempeleka kwenye karatasi, na karatasi moja imemtuma kwa nyingine. Kabla hajamaliza barabara moja amesoma mengi kuliko ambavyo angesoma kwa kulazimishwa.

Wanafunzi wale walitengeneza filamu ya dakika tatu na kitu, inayompitisha mtazamaji katika vichochoro vya mji ule. Ilipowekwa kwenye intaneti ilitazamwa na watu wengi sana, ikaandikwa hata nje ya Uingereza. Mwisho wa mwaka huo huo, Desemba 2013, maktaba ilitoa bure kwenye intaneti picha zaidi ya milioni moja zilizotoka katika vitabu vyake vya kale, ili yeyote azitumie apendavyo.

Shindano liliendelea. Mwaka wa 2014 mada ilikuwa hadithi za kutisha za zamani. Walioshinda walitoka Chuo Kikuu cha South Wales. Walijenga upya Fonthill Abbey, jumba la tajiri aitwaye William Beckford, ambalo mnara wake mrefu ulianguka mwaka wa 1825. Mwaka wa 2015 mada ilikuwa kitabu cha watoto cha Alice, kilichotimiza miaka 150, na ambacho maktaba ina andiko lake la kwanza la mkono. Mwaka wa 2016 mada ilikuwa Shakespeare, miaka 400 tangu afariki.

KWA NINI LILIFAULU

Tumelitazama jambo hili kwa makini na tunaona sababu nne.

Kwanza, kazi haikuwezekana bila kufungua karatasi. Kama maktaba ingesema, "Choreni bango la kuisifu maktaba," kijana angelichora akiwa nyumbani kwake bila kusoma hata mstari mmoja.

Pili, vijana walitumia ustadi wao wenyewe. Hawakuambiwa waandike insha kama maprofesa. Waliambiwa walete kile wanachokijua, na maktaba ikaleta kile inachokihifadhi.

Tatu, kila mmoja alibeba upande wake. Maktaba ilitoa karatasi na watu wa kuzieleza. Kampuni ilitoa programu. Tamasha lilitoa uwanja wa kuonyeshea, na vyuo vikatoa wanafunzi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nne, kila mwaka ulikuwa na mada yake. Ukimwambia kijana "chagua lolote katika vitu milioni 170", atakaa tu. Ukimwonyesha ramani tatu, ataanza leo.

Lakini tusidanganyane. Shindano si dawa ya kila ugonjwa. Mtu anaweza kutazama filamu ya dakika tatu, akafurahi, akapita. Faida ya kwanza ni ya wale walioshindana wenyewe, na hapo hata waliokosa zawadi wamepata, maana nao walifungua karatasi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama shindano limefaulu, usihesabu waliopiga makofi. Hesabu waliosoma.

KARATASI ZETU ZIKO WAPI?

Baadhi yake ziko huko huko London. Maktaba hiyo ina ramani za jeshi la Uingereza zilizochorwa kati ya 1890 na 1940, za nchi ambazo leo ni Kenya, Uganda na majirani. Zimeorodheshwa, zikapigwa picha, zikawekwa kwenye intaneti. Kuna pia mpango wa maktaba hiyo wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini duniani. Kwa mpango huo vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vilipigwa picha. Picha zinaonekana mbali, lakini kanuni ya mpango ni kwamba vitabu vyenyewe visiondoke nchini kwao.

Nyingine nyingi ziko hapa hapa petu: rejista za shule ya msingi, vitabu vya ushirika, vitabu vya ubatizo vya parokia, na lile sanduku la kikundi. Hizo hakuna mtu wa London atakayekuja kuziokoa. Ni zetu.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA HIVI

Kompyuta si lazima. Vijana wetu wanajua mashindano tangu shuleni, kwa mashairi, nyimbo na maigizo. Karatasi ya manila na penseli zatosha. Mwenye simu ya kupiga video aitumie.

1. Fungueni sanduku kwanza. Katibu na watu wawili waorodheshe kilichomo: daftari gani, la mwaka gani, lina hali gani. Msiwaite vijana kabla hamjajua mnachowaitia.

2. Chagueni mada moja. Kwa mfano: "Chora ramani ya kijiji chetu mwaka kikundi kilipoanza. Tumia daftari la mikutano na maneno ya wazee watatu." Au: "Tengenezeni igizo la siku tulipoamua kununua kiwanja."

3. Wekeni sharti la kusoma. Kila kazi ionyeshe mambo matatu yaliyotoka kwenye karatasi, na mshindani aseme ni daftari lipi, ukurasa gani. Bila sharti hili mtaletewa michoro mizuri iliyotoka kichwani.

4. Lindeni karatasi. Zisomewe mahali pamoja, mezani, mikono ikiwa safi na mikavu. Chai ikae mbali. Anayenakili atumie penseli, kwa maana wino ukimwagika hautoki. Daftari lisitoke kwenda nyumbani kwa mtu. Anayehitaji ukurasa aupige picha kwa simu, kwa idhini ya katibu.

5. Teueni waamuzi watatu: mzee anayejua mambo ya zamani, mwalimu, na kijana kutoka kikundi kingine. Alama zitangazwe mapema. Mnaweza kutoa 40 kwa ukweli wa mambo, 30 kwa kueleweka, na 30 kwa ustadi. Mtoto wa mwenyekiti apimwe kwa kipimo hicho hicho.

6. Zawadi iwe ya kiasi. Jogoo, vitabu, au jembe jipya linatosha. Kila aliyemaliza apewe cheti. Zawadi ikiwa kubwa mno, watu watagombania zawadi na kusahau kazi.

7. Onyesheni kazi zote siku ya mkutano mkuu, na kando ya kila kazi wekeni daftari lililotumika. Mshindani asimame aeleze alichokikuta. Wazee watamsahihisha, naye atawauliza. Siku hiyo hiyo chagueni kijana mmoja au wawili wa kumsaidia katibu kutunza sanduku. Bila hatua hii ya mwisho, shindano litabaki sherehe tu.

MAMBO YA KUANGALIA

Siri za watu. Daftari lina majina, namba za vitambulisho, na madeni. Kenya ina sheria ya mwaka wa 2019 ya kulinda habari za mtu binafsi. Kurasa za mikopo na za matatizo ya nyumbani kwa wanachama walio hai zisitolewe kwa washindani.

Haki ya aliyetunga. Kijana akichora au akitunga, kazi ni yake. Kwa sheria ya Kenya haki ya mwandishi hudumu hadi miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi andikeni mapema, kwa mistari michache, kwamba kikundi kitaruhusiwa kuonyesha kazi hiyo, na jina la aliyeifanya litabaki pale.

Picha ya simu haitoshi. Mwezi wa Oktoba 2023 wahalifu wa kompyuta waliishambulia British Library yenyewe. Orodha kuu ya vitabu haikuonekana kwenye intaneti hadi Januari 2024, na huduma nyingine zilichelewa zaidi ya hapo. Karatasi zenyewe zilibaki salama rafuni. Kama maktaba ya taifa inaweza kupatwa na hayo, simu ya katibu je? Pigeni picha, wekeni nakala mahali pawili, lakini karatasi msiitupe.

Mambo machungu. Vijana wakisoma watakuta mengine yasiyopendeza: fedha zilizopotea, mwanachama aliyefukuzwa, akina mama waliotoa hisa na majina yao hayakuandikwa. Mtu asishawishike kuchana ukurasa. Ukurasa ukichanwa, kila mtu atasema lake juu ya kilichokuwamo. Ukisomwa mbele ya wazee wangali hai, bado yupo wa kueleza, na kosa bado linaweza kurekebishwa. Hiyo ndiyo sababu ya kufanya haraka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Sanduku la kikundi chetu liko kwa nani leo? Funguo ziko ngapi?

2. Ni wanachama wangapi walio chini ya miaka 30 ambao wamewahi kusoma daftari la mikutano?

3. Ni jambo gani katika historia yetu linalojulikana na mzee mmoja tu?

4. Tukifanya shindano mwaka huu, mada moja ya kuanzia iwe ipi? Inawezekana kuifanya bila kufungua karatasi? Kama inawezekana, tuibadilishe vipi?

5. Shule iliyo karibu, ushirika, na parokia zinaweza kubeba upande gani wa mzigo?

Mkishajadili, katibu aandike mliyokubaliana, na kijana mmoja ayasome kwa sauti kabla mkutano haujafungwa.